Redio ya Bi Mkubwa

Bi Mkubwa alikuwa na dawa moja tu ya ugomvi wa nyumba ile, nayo ilikuwa redio. Mwanawe akianza kupandisha sauti, yeye alinyoosha mkono, akazungusha kitufe, na msoma taarifa au mwimbaji yeyote aliyekuwa hewani akayafunika yaliyokuwa yakitendeka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka mingi, akamzika, akadhani yamekwisha, kisha akaanza kuyasikia tena ndani ya nyumba ile ile, safari hii mkono ukiwa wa mtoto aliyemnyonyesha mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alikuwa amechagua kutousikia.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Mashine ya kudarizi ilikuwa ya mwanawe, ambaye kila mtu alimwita Fundi. Kompyuta ya mezani iliyokaa kando yake, kubwa, iliyogeuka rangi kama meno ya mvuta sigara, ilikuwa ya mkewe. Alikuja nayo kutoka kiwanda cha masweta kilichofungwa. Wenye kiwanda walipokosa cha kuwalipa wafanyakazi, kila mmoja aliondoka na kilichokuwa mezani kwake. Mtaani walimwita Mchoraji, maana ndiye aliyechora nembo za shule kwenye kioo cha kompyuta kabla sindano hazijazishona kwenye vitambaa. Bila kompyuta, mashine haikujua pa kuchoma. Bila mashine, nembo zilibaki picha. Bi Mkubwa alikaa kwenye kigoda katikati ya viwili hivyo na mkasi mdogo, akikata ncha za nyuzi kwenye nembo zilizokwisha shonwa.

Kompyuta ile iliendeshwa na mfumo wa zamani, tena wa zamani kwelikweli. Haikuwa kwa uvivu. Programu ya kudarizi ilitengenezwa kwa ajili ya mfumo ule na kampuni iliyokwisha kufa, na haikuelewana na mfumo mwingine wowote. Haikufunguka mpaka uchomeke ufunguo wake, kidude kidogo kama flashi, ambacho Mchoraji alikivaa shingoni kwa kamba. Na ili mtu asije akajisahau, alidarizi kitambaa cheupe kwa uzi mwekundu, USIBADILISHE MFUMO, akakitundika kwenye kona ya kioo. Wateja walikisoma wakacheka, naye akacheka nao.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha Bingwa, mtengenezaji wa kompyuta, na nje ya kibanda palikuwa na benchi la wanaume waliobishana juu ya mifumo kama wengine wanavyobishana juu ya mpira. Kuna waliosema mfumo mpya ndio mfumo, uliobaki ni makumbusho. Kuna walioapa kwa ule wa bure, usioshikwa na virusi, ingawa kila wakitaka kuchapisha karatasi moja walikuja kuazima kompyuta ya mwenzao. Na kulikuwa na mhasibu mmoja mwenye kompyuta ya bei ya kiwanja, ambaye hakubishana kabisa, alitabasamu tu, na tabasamu lile liliwaudhi wote. Fundi alikaa nao kila jioni. Hakuwa na timu.

Siku moja alikuja karani wa shule na nembo mpya kwenye flashi. Shule nzima ilikuwa inabadilisha sare. Kompyuta ya Mchoraji ilijaribu kulifungua faili, ikaganda, ikasema haiwezi. Karani hakuwa na nia mbaya. Aliuliza tu, mlango ukiwa wazi na benchi linasikia, kama kweli kitu kile bado kinaishi.

"Hiyo," alisema Bingwa toka ng'ambo, "ukiiwasha lazima kwanza uiamkie shikamoo."

Benchi zima lilicheka mpaka mtu mmoja akakohoa. Fundi naye alicheka. Lakini Bi Mkubwa alimwona mshipa wa shingo umemsimama, na aliujua mshipa ule. Marehemu mumewe alikuwa nao.

Kesho yake Mchoraji alikwenda sokoni kununua nyuzi. Alikuwa amemwomba karani amletee nembo kwenye karatasi, ataichora upya mwenyewe, na alimwambia mumewe hivyo kwa upole kabla ya kutoka. Hakuwa amefika kona ya barabara Fundi alipovuka kwenda kwa Bingwa, akarudi na flashi yenye mfumo mpya.

Alikichomoa kile kitambaa cha maandishi mekundu kwenye kioo, akakitupa katika mfuko wa mabaki uliokuwa miguuni pa mama yake.

"Leo tunahama, mama," alisema. "Tumekaa enzi za mawe vya kutosha."

Bi Mkubwa alimuuliza kama mkewe hakusema kitu hicho kisiguswe. Fundi alimjibu kwa swali, kwamba siku hizi mwenye nyumba ni nani. Basi mama akarudi kwenye nyuzi zake. Kioo kilikuwa kinauliza, Fundi anakubali. Kinauliza tena, anakubali tena, bila kusoma hata neno, kama mtu anayepiga makofi kwenye hotuba. Ilichukua muda mrefu. Hatimaye kioo kikang'aa, madirisha yamekuwa na kona za mviringo na rangi ya maji mazuri. Faili la karani likafunguka mara moja. Fundi alitoka mlangoni akawapungia benchi.

"Imekubali!"

Walimpigia mbinja. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuchekwa na benchi la Bingwa.

Aliporudi ndani akabonyeza programu ya kudarizi. Haikufunguka, wala haikuuomba ufunguo kama ilivyozoea. Akabonyeza tena. Kijitaa cha mashine kiliwaka chekundu, kikazimika, kikawaka. Alichomoa nyaya akazichomeka upya, akaipiga mashine kofi. Bi Mkubwa alimwangalia kwa pembe ya jicho.

Mchoraji alirudi na nyuzi kwapani. Nyuma yake waliingia wawili wa benchi, wamekuja kuuona mfumo mpya kwa macho yao. Alikitazama kioo kabla hajatua mzigo.

"Nani amebadilisha?" aliuliza taratibu.

Hapo ndipo Fundi angeweza kusema ni mimi, na hadithi hii isingekuwapo. Lakini wanaume wawili walikuwa wamesimama mlangoni, na dakika chache tu zilizopita aliwapungia mkono. Alisema ameikuta hivyo, mkewe aliiacha ikiwa imeungwa na intaneti, amegusa-gusa mpaka ameiharibu, na sasa mashine haifanyi kazi.

"Mimi nilikuwa sokoni," alisema Mchoraji.

Hakusema kwa ukali. Ilikuwa kweli tu, imesemwa mbele ya watu. Wale wawili walitazamana, wakakumbuka shughuli zao, wakaondoka. Mmoja alikuwa anabana kicheko. Fundi aliufunga mlango nyuma yao, akateremsha komeo.

Kofi la kwanza lilimpata akiwa bado na nyuzi kwapani. Magurudumu ya uzi yalianguka yakaviringika hadi chini ya kigoda cha Bi Mkubwa, mekundu, ya buluu, ya njano. Fundi alisema amemfanya mwongo mbele za watu. Alisema ufunguo ndio tatizo, ameuvaa makusudi ili mume asiweze kazi bila yeye, aulete. Aliushika ule ufunguo kwa kamba yake, akavuta; kamba ilimkata mkewe shingoni, ikakatika. Mchoraji aliwahi kuudaka na kuufumbata.

"Utauvunja," alisema. "Ukivunjika hatuna kazi tena."

Fundi alijaribu kumfumbua vidole. Havikufumbuka. Ndipo alipochukua fremu ya mbao inayobana vitambaa, akaukandamiza mkono wa mkewe juu ya meza, akaanza kuupiga.

Mkono wa Bi Mkubwa ulikwenda wenyewe. Kulikuwa na mpira redioni. Mtangazaji anaeleza kona inapigwa, watazamaji wanapiga kelele. Aliizungusha sauti mpaka mwisho, akainamisha macho kwenye nembo iliyokuwa mapajani, akakata uzi, akakata mwingine, akakata hata uliokuwa haufai kukatwa. Alijua nani amebonyeza. Alikuwa amekaa palepale. Ilimtosha kufungua kinywa aseme neno moja. Mtangazaji alipiga kelele ya bao. Hata hivyo mfupa ulipovunjika aliusikia.

Ngumi haikufumbuka.

*

Hospitalini walikwenda wao wawili, mkwe na mama mkwe. Mchoraji alikuwa ameushikilia mkono wake wa kulia kwa wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Nesi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliuangalia mkono, akaiangalia na alama ya kamba shingoni, akauliza kimetokea nini.

"Ameanguka bafuni," alisema Bi Mkubwa kabla mwenzake hajavuta pumzi.

Nesi alimtazama Mchoraji. Mchoraji alimtazama mama mkwe wake, wala si kwa hasira; alimtazama kama unavyolitazama basi kituoni wakati uliyemtarajia hajashuka.

"Ndiyo," alisema. "Nimeanguka."

Walimfunga plasta. Nje ya geti Mchoraji alisema yeye anakwenda kwa kaka yake, dereva wa lori, na kwamba mama asipate tabu ya kumsindikiza. Bi Mkubwa alirudi nyumbani peke yake. Magurudumu ya uzi yalikuwa bado sakafuni. Alipoinama kuyaokota alikiona kile kitambaa cha maandishi mekundu katika mfuko wa mabaki. Alikikung'uta, akakikunja, akakiweka kifuani.

Siku zile zilizofuata Fundi hakupiga kelele. Alilia, alikataa kula, alimwambia mama yake kwamba shetani alimpitia na kwamba anampenda sana mke wake. Bi Mkubwa alimsikiliza. Maneno yale aliyajua yote kwa mpangilio wake, maana yaliwahi kusemwa na mtu mwingine kitandani kwake. Wakati huohuo karani wa shule alikuja mara mbili kuuliza nembo. Kwenda kwa Bingwa kusema ukweli, Fundi alishindwa. Angewaambiaje benchi kwamba ule mfumo aliowapungia umemfungia kazi? Akamuuliza kwa kuzunguka, kuna jamaa mmoja mtaa wa pili, amebadilisha mfumo akajuta. Bingwa akamjibu huku akizuia tabasamu kwamba jamaa huyo asihofu, mfumo mpya hautupi wa zamani papo hapo, unauweka kando siku kumi. Akitaka kurudi arudi, lakini zikipita umetupwa, hakuna tena kurudi.

Fundi akahesabu siku, akampigia simu mjomba wake.

*

Mjomba alikuwa kaka wa Bi Mkubwa, mtu mnene mwenye sauti ya kupatanisha, na katika maisha yake alikuwa amerudisha wake wengi kwa waume zao, hakuna aliyewahi kumuuliza wangapi waliondoka tena. Alikaa kwenye kiti kizuri. Mchoraji alikuja na kaka yake dereva, ambaye alikataa kiti akasimama karibu na mlango. Redio ilikuwa inanong'ona juu ya rafu. Chai ililetwa.

Mjomba alisema tuanze na la riziki, mengine yatafuata. Basi Mchoraji akakaa mbele ya kompyuta, plasta juu ya meza, akasogeza kipanya kwa mkono wa kushoto, polepole, kama anayeandika kwa mara ya kwanza. Alipekua mpaka akafika penye kurudi. Akasimama kidogo.

"Inauliza kwa nini narudi," alisema.

Mjomba alicheka, akasema siku hizi hata mashine zinataka usuluhishi, aiambie amewakumbuka wa kwao. Mchoraji alizisoma sababu zote zilizoorodheshwa, akachagua ya mwisho kabisa, sababu nyingine. Kioo kikawa cheusi. Walikunywa chai. Fundi alikuwa anatikisa goti. Baada ya muda ilirudi ile sura ya zamani, kona za madirisha yake zimechongoka, na Fundi akashusha pumzi chumba kizima kikamsikia. Mchoraji alitoa ufunguo mfukoni, akauchomeka. Programu ikafunguka. Mashine ikaguna, ikaanza kushona, kwa kujaribu, nembo ya zamani ya shule: kitabu kilichofunguliwa na mwenge juu yake.

"Alhamdulillahi, yamekwisha," alisema Mjomba. "Sasa mke wetu, yamebaki mawili madogo. Kwanza umwombe mumeo radhi kwa kuharibu kifaa cha kazi. Pili, mumeo naye apunguze hasira. Tuombe dua twende zetu."

"Sikuharibu mimi," alisema Mchoraji.

Fundi aligeuka akatabasamu, tabasamu la mtu mwenye shahidi. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na lilikuwa kosa la kueleweka, maana shahidi huyu hakuwahi kumwangusha maisha yake yote.

"Mama alikuwepo," alisema. "Muulizeni mama."

Wote walimgeukia. Bi Mkubwa aliuweka mkasi chini. Aliogopa kama alivyoogopa akiwa mke. Aliingiza mkono kifuani, akakitoa kitambaa, akakitandaza juu ya meza mbele ya kaka yake, herufi nyekundu zikiangalia juu.

"Hiki alikitupa miguuni pangu," alisema. "Aliyebadilisha ni yeye. Mkewe alikuwa sokoni. Na huu mkono haukuanguka bafuni, aliuvunja kwa fremu ile pale, mimi nimekaa hapa hapa."

Fundi alisimama. Alianza kwa sauti ya chini kwamba mama amezeeka, macho yamemwisha, kisha sauti ikapanda, mama amelishwa kitu, mke huyu mchawi amemlisha mama yake kitu. Mkono wa Bi Mkubwa ulikwenda kwenye rafu kwa mazoea. Ulishika kitufe. Akakizungusha upande wa pili, mpaka kikalia tik, redio ikazimika.

Nyumba ilikuwa haijawahi kuwa kimya namna ile. Sauti ya Fundi ilitoka dirishani ikiwa uchi, ikavuka barabara, na mabishano ya benchi yakakatika katikati. Yeye hakujua. Alikuwa ameshaidaka fremu, ameinua, anamwendea mkewe aliyekaa na plasta yake juu ya meza. Bi Mkubwa hakukumbuka baadaye alivyoondoka kwenye kigoda. Alijikuta tu yuko katikati, na fremu ikashuka juu ya uso wake, ikampasua kuanzia nyusi hadi shavuni.

Damu ilidondokea nembo ya shule na mashine ikaendelea kuishona.

"Mama!" Fundi aliiachia fremu. "Mama, sikukukusudia wewe."

"Najua," alisema Bi Mkubwa. "Ulimkusudia yeye."

Dereva alimfikia kabla Mjomba hajainuka. Alimpiga ngumi ya tumbo, akamkamata shati, akamgonganisha na ukuta mara mbili, plasta ya ukuta ikamomonyoka, na mkono ulikuwa umekwisha inuka kwa mara ya tatu dada yake alipomwita.

"Kaka, muache. Usifanane naye."

Alimwachia, Fundi akateleza hadi sakafuni, akakaa palepale akilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyanyua. Mjomba alikuwa amesimama na kikombe kimemmwagikia kanzu. Dirishani kulikuwa na vichwa: Bingwa, mhasibu, wale wawili wa siku ile. Hakuna aliyekuwa anabana kicheko.

Mchoraji alisubiri mashine imalize nembo. Ndivyo alivyokuwa, hakuacha kazi njiani. Kisha akauchomoa ufunguo, akaizima kompyuta kwa utaratibu wake, akaanza kufungua nyaya moja moja kwa mkono wa kushoto. Fundi aliinua kichwa, akauliza anaipeleka wapi, kazi ya shule itafanywaje. Mkewe alimjibu kwamba mashine ni yake, hajaigusa. Dereva alibeba kompyuta, Bingwa akaingia bila kuambiwa akabeba kioo. Bi Mkubwa alijifunga mtandio usoni kuzuia damu, akaichukua kibodi kwapani, akawafuata. Kaka yake alimwita kwa jina la utotoni. Hakugeuka.

*

Nesi alikuwa yule yule mwenye miwani. Aliutoa mtandio taratibu, akalisafisha jeraha, akasema litahitaji nyuzi. Bi Mkubwa alimwambia nyuzi anazijua. Kisha nesi akaivuta karatasi, akamtazama Mchoraji na plasta yake, akamtazama mama tena, akachoka.

"Na wewe umeanguka bafuni, mama?"

Kalamu ilikuwa imekwisha gusa karatasi.

"Usiandike hivyo," alisema Bi Mkubwa. "Andika nimepigwa na mwanangu, wa kumzaa. Na utafute na karatasi ya huyu mkwe wangu. Nilikudanganya. Alipigwa, nami nilikuwa chumba hicho hicho, nikaongeza sauti ya redio."

Alilia sasa, bila sauti, machozi yakamchoma jerahani. Mchoraji alisogeza kiti. Hakusema amemsamehe, maana hakuwa bado amemsamehe. Aliuweka mkono wake mzima juu ya goti la mama mkwe akauacha hapo. Nesi aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akachukua karatasi nyingine, ile inayopelekwa polisi.

"Anaitwa nani, huyo mwanao?"

Bi Mkubwa alifumba macho. Kisha akamtajia jina lake lote, polepole, herufi kwa herufi, jina ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelichagua asubuhi aliyomzaa.